Losheni ya uso kwa ngozi ya mafuta yenye chunusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hufika kaunta ya duka la dawa karibu kila siku, mengine kwa sauti ya chini, mteja akisubiri wenzake watoke kwanza. Anayeuliza mara nyingi ana makopo kadhaa nyumbani na hakuna hata moja analoliamini. Neno losheni hapa limetumika kwa chochote kinachopakwa usoni ili ngozi isikauke, kiwe jeli, krimu au losheni yenyewe.

Uso wangu unatoa mafuta wenyewe mpaka unameremeta. Losheni ya nini tena?

Mafuta si maji. Mafuta yanayokufanya umeremete hutoka kwenye tezi zilizo ndani ya ngozi na kupanda juu kupitia vinyweleo. Maji yanayoifanya ngozi iwe laini yamo katika tabaka la juu kabisa, na kinachoyazuia yasiruke hewani ni mafuta ya aina nyingine yaliyo katikati ya seli zenyewe: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na pua inayoteleza na mashavu yanayovuta kwa wakati mmoja. Jipime hivi: osha uso kwa sabuni unayotumia siku zote, jifute, kaa nusu saa bila kupaka kitu. Ukihisi ngozi inabana ukicheka, au ukiona unga mweupe pembeni mwa pua na mdomo, ngozi yako inahitaji losheni hata kama ifikapo saa sita mchana inang'aa.

Na wapo wasioihitaji. Mtu anayeishi Mombasa au Tanga, hatumii dawa yoyote ya chunusi, anaosha uso kwa kitu kisicho kikali na ngozi haimbani, anaweza kupaka krimu ya kuzuia jua asubuhi akaishia hapo. Usinunue losheni kwa sababu tu kila mtu mtandaoni anayo.

Eti usipopaka losheni, ngozi inalipiza kwa kutoa mafuta zaidi?

Inasemwa sana, hata na wauzaji, lakini tezi za mafuta hazijui kama umepaka au hujapaka. Zinaendeshwa na homoni, hasa za kundi la androjeni. Ndiyo sababu chunusi huanza wakati wa balehe, na kwa wanawake wengi huchachamaa siku chache kabla ya hedhi. Ukiosha uso mara tano kwa siku, mafuta yatarudi kama kawaida yake. Kitakachobadilika ni kwamba ngozi itakuwa imechubuka na inawasha, na dawa ya chunusi hutaiweza. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kupaka losheni, haina haja ya kutiwa chumvi.

Kwa hiyo losheni itaniondolea chunusi?

Hapana, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya au hajui anachouza. Chunusi huanza pale seli zilizokufa zinapogandamana mdomoni mwa kinyweleo. Mafuta hukwama nyuma yake, bakteria waitwao *Cutibacterium acnes* huzaliana humo, na mwili hujibu kwa uvimbe na usaha. Dawa zinazogusa hatua hizo ni benzoili peroksaidi, adapaleni, tretinoini, asidi ya salisiliki na asidi ya azelaiki. Losheni haimo kwenye orodha hiyo.

Kazi ya losheni ni kukufanya udumu kwenye dawa. Adapaleni na tretinoini hukausha na kubandua ngozi katika wiki za mwanzo. Mtu anaona uso unachanika, anaacha wiki ya pili, anasema "imenikataa". Kumbe dawa hizi hupimwa kwa miezi miwili hadi mitatu. Ukiwa na ngozi inayolalamika, paka losheni kwanza, iache ikauke, kisha paka dawa kidogo sana, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Ikibidi, malizia na losheni tena juu yake. Dawa itapungua ukali kidogo, lakini utafika mwezi wa tatu nayo, na huko ndiko matokeo yaliko.

Jambo moja la pembeni: benzoili peroksaidi hula rangi ya kitambaa. Tumia taulo jeupe na foronya nyeupe, na usifutie uso kwenye kanga unayoipenda.

Niangalie nini kwenye orodha ya viambato?

Geuza kopo, usisome mbele. Mbele ni matangazo. Nyuma ndiko kuliko na habari. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi, na vile visivyofika asilimia 1 huweza kupangwa kwa utaratibu wowote mwishoni. Kwa hiyo majina matano au sita ya mwanzo ndiyo losheni yenyewe. Kopo likiwa na picha kubwa ya tango au chai ya kijani halafu hiyo chai iko mwisho kabisa, karibu na manukato, umelipia picha.

Viambato vya losheni vina kazi tatu. Vya kwanza huvuta maji na kuyashika: gliserini, asidi ya hayaluroniki, pantenoli. Vya pili hulainisha kwa kujaza mianya kati ya seli: seramidi, skwaleni. Vya tatu hufunika juu ili maji yasitoroke: vaselini, nta, dimethikoni. Ngozi ya mafuta inataka vya kwanza kwa wingi, vya pili kiasi, na vya tatu kidogo tu. Katika hivyo vya tatu dimethikoni ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa ni nyepesi na haiachi ute. Kwenye lebo majina haya yana tahajia ya Kiingereza, ila ukiyatamka polepole utayatambua.

Gliserini inadharauliwa kwa sababu ni rahisi na bibi zetu waliijua. Ni kosa. Ukiikuta katika majina matatu ya mwanzo, losheni hiyo ina msingi mzuri hata kama kopo lake halivutii. Mwenye hela kidogo kabisa anaweza kununua chupa ndogo ya gliserini tupu duka la dawa: osha uso, acha viganja vikiwa na maji, dondoshea tone moja au mawili, sugua viganja pamoja, kisha bonyeza usoni. Ukipaka kavu bila maji itanata na vumbi lote la barabarani litakuwa lako. Wala usichanganye gliserini na maji chupa nzima ukaiweka dirishani kwa wiki kadhaa, maana mchanganyiko wa maji usio na kihifadhi huota vijidudu.

Niasinamidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, ni nyongeza nzuri kwa ngozi hii. Hupunguza wekundu na uvimbe, hupunguza mafuta kiasi, na husaidia madoa yanayobaki baada ya chunusi. Asilimia 2 hadi 5 inatosha. Zile za asilimia 10 zinazotangazwa sana huwachoma baadhi ya watu bila faida ya ziada.

Vya kukwepa usoni: mafuta ya nazi, siagi ya kakao, isopropili miristati na isopropili palmitati, hasa vikiwa juu kwenye orodha. Manukato pia, kwa sababu hayana kazi yoyote kwa chunusi na ndiyo chanzo cha kawaida cha mzio wa vipodozi. Spiriti, yaani alkoholi inayokausha, ikiwa jina la pili au la tatu, rudisha kopo mahali pake. Lakini usikimbie kila jina lenye neno alkoholi: alkoholi ya setili na ya stearili ni nta laini za kuipa krimu uzito, hazikaushi ngozi.

Kopo limeandikwa kwamba haizibi vinyweleo. Niamini?

Amini nusu. Wazo hilo lilipata nguvu mwaka 1972, pale Albert Kligman na Otto Mills wa Marekani walipochapisha utafiti kuhusu chunusi zinazoletwa na vipodozi. Walikuwa wakipaka viambato kwenye sikio la sungura na kuangalia kama vinyweleo vinaziba. Orodha nyingi zinazokipa kila kiambato alama ya kuziba vinyweleo, kuanzia 0 hadi 5, zinazozunguka mtandaoni zina asili katika majaribio ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba sikio la sungura huziba kwa urahisi kuliko uso wa binadamu, na kiambato kilichopakwa kikiwa kitupu si sawa na kiambato hicho hicho kikiwa kidogo ndani ya losheni. Tena hakuna kipimo kimoja cha kisheria ambacho kampuni lazima ifaulu kabla ya kuandika maneno hayo. Yachukue kama dalili kwamba mtengenezaji alikuwa anafikiria watu wenye ngozi kama yako, basi.

Nimekua na Vaseline. Na Arimis je? Na mafuta ya nazi, na shea?

Hapa ndipo ubishi ulipo, hasa mama mzazi akiwa karibu.

Vaselini yenyewe haizibi vinyweleo kama wengi wanavyodhani. Haipenyi ndani, inakaa juu. Shida yake kwa ngozi ya mafuta ni joto. Ukijipaka asubuhi Dar es Salaam, ukapanda daladala, kufikia Ubungo umefunga jasho na vumbi chini ya utando usiopitisha kitu. Lakini ina nafasi yake: midomo inayokauka kwa dawa, pembe za pua zilizochubuka kwa tretinoini, au utando mwembamba usiku mahali panapobanduka.

Arimis, ambayo Wakenya wanaijua tangu ilipokuwa mafuta ya kukamulia ng'ombe, ipo kundi hilo hilo la jeli nzito. Kwa mikono, visigino na miguu ya mtoto wa shule ni sawa kabisa. Kwa paji la uso lenye chunusi, hapana.

Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki, ambayo maabara imeonyesha inaua bakteria wa chunusi. Watu wa pwani hunikumbusha hilo kila mara. Lakini kuua bakteria kwenye kisahani si sawa na kupaka mafuta mazima juu ya vinyweleo vinavyoziba kirahisi. Yabaki kwenye nywele za wenye nywele kavu, mwilini, na jikoni.

Shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi kwa kuwa ina asidi ya oleiki nyingi zaidi, na ni nzuri kwelikweli kwa ngozi kavu. Yako siyo kavu. Kama unaipenda, iishie shingoni.

Chunusi zangu ziko kwenye paji la uso na pembeni karibu na masikio tu. Losheni ndiyo mbaya?

Kabla ya kulaumu losheni, niambie unapaka nini kichwani. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani waliziandikia ripoti chunusi za aina hii kwa watu weusi waliokuwa wakipaka mafuta mazito ya nywele, na hadi leo ndicho kisa kinachosahaulika kuliko vyote. Mafuta ya nywele hayabaki kichwani. Yanateremka na jasho, yanahamia kwenye foronya, kilemba na kofia, halafu yanarudi usoni usiku kucha. Utakuta vipele vidogo vigumu, rangi ya ngozi, vimejipanga kufuata mstari wa nywele.

Angalia pia jeli ya kulaza nywele za mbele, gundi ya wigi, na mafuta yanayopakwa baada ya kusuka. Kwa wanaume, mtazame kinyozi: akimaliza kunyoa anapaka mafuta kichwani, kisha mkono huo huo wenye mabaki unashuka kwenye paji la uso na mashavu "ili ung'ae". Mwambie aishie juu.

Acha upana wa vidole viwili kutoka mwanzo wa nywele bila mafuta, funga kichwa ukilala, badilisha foronya kila wiki, osha paji la uso ukimaliza kuosha nywele. Usitegemee mabadiliko wiki hiyo hiyo. Kinyweleo kilichoziba huchukua wiki kadhaa kujisafisha.

Vipele vyangu ni vidogo, vinalingana ukubwa, na vinawasha. Dawa zote za chunusi zimeshindwa.

Huenda si chunusi. Fangasi aitwaye *Malassezia*, ambaye huishi kwenye ngozi ya kila mtu, anaweza kuzaliana ndani ya vinyweleo, hasa penye joto na jasho, au baada ya mtu kunywa antibiotiki kwa muda mrefu. Dalili kubwa ni kuwasha, na mara nyingi kifua na mgongo navyo vina vipele. Fangasi huyu hula asidi za mafuta, kwa hiyo mafuta ya mimea usoni yanamlisha. Chagua jeli isiyo na mafuta ya mimea, na umwone mfamasia au daktari kuhusu dawa ya fangasi. Shampuu ya ketokonazoli hutumika sana kwa kazi hii.

Nichukue jeli, losheni au krimu?

Inategemea unaishi wapi kuliko unavyodhani. Zanzibar, Dar, Mombasa, Lamu: jeli ya maji, na mara nyingi usiku tu inatosha. Nairobi na Arusha: losheni nyepesi. Njombe, Makete au Limuru mwezi wa saba, baridi ikikata mashavu, hata mwenye ngozi ya mafuta anaweza kuhitaji krimu nyepesi usiku. Ndugu zetu walioko Muscat na Doha wana kesi yao: nje joto, lakini siku nzima wamekaa ndani ya kiyoyozi kinachokausha hewa. Walio Ulaya wabadilishe msimu wa baridi ukianza, wasing'ang'anie jeli waliyotoka nayo nyumbani.

Kama unatumia tretinoini au unameza isotretinoini, dawa ya vidonge ya chunusi kali, panda ngazi moja: wa jeli ahamie losheni, wa losheni ahamie krimu yenye seramidi.

Nipake kiasi gani, na lini?

Kidogo kuliko unavyopaka sasa. Watu wengi wanaolalamika kwamba losheni "inawang'arisha" wanapaka kiasi cha mwili mzima. Kiasi cha punje mbili za njegere kinatosha uso na shingo. Paka ngozi ikiwa bado na unyevu, dakika moja au mbili baada ya kuosha; mashavu kwanza, kisha kidevu, na mabaki ya vidoleni ndiyo yaende pua na paji la uso. Ikibaki juu bila kunywewa baada ya dakika tano, punguza au badilisha aina.

Na sabuni?

Swali hili lilipaswa kuwa la kwanza. Ngozi ya uso ina hali ya asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi; 7 ni katikati, chini yake ni asidi) kama 5 hivi. Sabuni ya kawaida ya kipande ina pH kati ya 9 na 10. Anayeosha uso kwa sabuni ya mche ya kufulia, halafu tona yenye spiriti, halafu skrabu ya punje punje, hakuna losheni itakayomwokoa. Tafuta kioevu cha kuoshea uso kisicho kikali, mara mbili kwa siku, na baada ya kutoka jasho jingi. Skrabu weka kando kabisa wakati chunusi zimevimba.

Nimeanza losheni mpya na chunusi zimeongezeka. Si ni ngozi inatoa uchafu?

Losheni ya kawaida haina uwezo wa "kutoa uchafu". Kuna dawa, hasa tretinoini na adapaleni, ambazo huharakisha mzunguko wa seli na kufanya chunusi zilizokuwa zimejificha zitokee kwa pamoja mwanzoni. Losheni tupu haifanyi hivyo. Ikiwa ngozi inawaka, inawasha au imekuwa nyekundu ndani ya siku mbili tatu, hilo ni kukereka au mzio, acha leo. Ikiwa vipele vipya vigumu vinaibuka polepole baada ya wiki nne hadi nane, losheni inaziba. Tofauti hiyo ya muda ina maana kubwa, kwa sababu watu hulaumu kopo la wiki hii kwa kosa la kopo la mwezi uliopita. Anza kitu kimoja kwa wakati. Kijaribu kwanza chini ya taya, upande mmoja, siku kadhaa.

Dada wa saluni amenichanganyia krimu yake, chunusi zimekauka ndani ya wiki moja. Niendelee?

Hiyo kasi ndiyo inayotisha. Dawa halali za chunusi hazikimbii hivyo. Kinachofanya kazi kwa wiki moja mara nyingi ni steroidi kali, klobetasoli au betamethasoni, ambayo huzima uvimbe na kuing'arisha ngozi kwa muda. Kisha ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaanza kuonekana, vinywele vinaota mashavuni, na ukikosa kupaka siku mbili vipele vinalipuka, vyote vya umbo moja. Mtu anarudi saluni kununua tena, na biashara inaendelea.

Mkorogo wa aina hii unaweza pia kuwa na haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kiholela kwa muda mrefu huacha weusi wa kibuluu usiofutika kirahisi, au zebaki, ambayo huharibu figo. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, ulizitaka nchi wanachama zisitishe kufikia 2020 vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni, lakini makopo bado yanavuka mipaka kwenye mabegi. Kopo lisilo na orodha ya viambato, lililojazwa kwa kijiko kutoka ndoo, au linaloahidi weupe na kuondoa chunusi kwa pamoja, liache. Tanzania udhibiti wa vipodozi uko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019, na Kenya kuna shirika la viwango la kwao, KEBS. Unaweza kuwapelekea taarifa.

Kama umeshatumia kwa miezi, usitupe kopo na kunyamaza. Nenda nalo kwa daktari wa ngozi. Kuacha ghafla kunaweza kuwa na kishindo, na wakati mwingine hupangwa hatua kwa hatua. Hakuna cha kuona aibu. Wanaona watu kama wewe kila siku.

Chunusi zinaisha lakini madoa meusi yanabaki. Kuna losheni ya hayo?

Madoa hayo ni rangi iliyoachwa na uvimbe, na ngozi nyeusi huyapata zaidi. Hufifia yenyewe kwa miezi, mradi usiyachokonoe na usiyaache juani. Kwa hiyo "losheni" muhimu zaidi kwa madoa ni krimu ya kuzuia jua, yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, aina ya jeli au ya majimaji. Zenye zinki na titani huacha weupe kama wa majivu kwenye ngozi yetu. Zilizotiwa rangi kwa oksidi za chuma hukaa vizuri na huzuia pia mwanga wa kawaida unaochochea madoa. Kipimo ni mistari miwili ya krimu, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya cha kati, kwa uso na shingo. Niasinamidi na asidi ya azelaiki husaidia kwa subira.

Kwa taarifa tu, krimu ya jua hutengenezwa hapa hapa: Kilisun ya Moshi, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Limau, dawa ya meno, mshubiri, singo?

Limau: hapana. Asidi yake inachoma, na juisi yake ikikutana na jua inaweza kuunguza ngozi na kuacha doa baya kuliko la chunusi. Dawa ya meno: hapana, hukausha kipele na kuchoma kilicho jirani. Mshubiri: ute mweupe wa ndani hupoza, lakini ukikata jani liache kwanza lidondoshe maji ya njano, hayo huwasha. Singo ya Kiunguja ni ya mwili, ya harusi na ya raha. Kusugua uso wenye chunusi kwa liwa, karafuu na maua ni kuutafutia ugomvi.

Mimi ni mwanaume. Vipele viko kwenye ndevu.

Vingi vya hivyo si chunusi bali ni ndevu zilizojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Nyoa kwa mashine inayobakiza kidogo, usifuate wembe hadi chini. Mwombe kinyozi asikupake spiriti kali. Paka losheni isiyo na manukato ukifika nyumbani. Ya "wanaume" na ya "wanawake" tofauti yake ni rangi ya kopo.

Nitajuaje kama ni bandia?

Bei iliyo chini mno kuliko duka lolote jingine ni onyo la kwanza. Linganisha na kopo lako la zamani: herufi, rangi, harufu, mfuniko, namba ya toleo iliyochapwa na si kubandikwa. Angalia tarehe ya mwisho, na pia alama ya kikopo kilichofunguka yenye 6M au 12M, yaani miezi inayotumika baada ya kufungua. Kopo lililokaa juani kwenye meza ya barabarani halifai hata likiwa halisi. Bora losheni rahisi halisi kuliko ya jina kubwa usiyojua ilikotoka.

Nina mimba. Nabadilisha nini?

Losheni ya kawaida endelea nayo. Acha tretinoini, adapaleni na haidrokwinoni. Isotretinoini ya kumeza ni hatari kubwa kwa mtoto na haitumiki kabisa. Asidi ya azelaiki huchukuliwa kuwa salama, ila mweleze mkunga au daktari unachopaka.

Lini niache kuhangaika na maduka na kumwona daktari?

Ukiwa na majipu yenye maumivu chini ya ngozi, makovu yanayoanza kubonyea au kuvimba, au miezi mitatu ya dawa iliyotumiwa vizuri bila nafuu. Mwanamke ambaye hedhi zinaruka na ndevu zinaota aende mapema, huenda ni homoni. Hospitali za rufaa nyingi zina kliniki ya ngozi. Hospitali ya KCMC Moshi pana kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kilichoanza mwaka 1992. Nenda na makopo yote unayotumia kwenye mfuko mmoja, pamoja na mafuta ya nywele.

Naweza kutumia losheni ya mtoto?

Nyingi zina manukato na mafuta ya madini kwa wingi, zimetengenezwa kwa ngozi isiyotoa mafuta. Ukipata isiyo na harufu, yenye gliserini mwanzoni mwa orodha, jaribu chini ya taya kwanza. Ikikukubali, si lazima kopo liwe na picha ya mtu mzima.